Wakuu, nikosoeni singeli yangu bila kunionea huruma

DogoKihonda
Habari za jioni wakuu. Nipo Morogoro, natengeneza singeli kwa FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, kwenye kompyuta ya kaka yangu, ambayo naipata akishalala. Hii ndiyo ya kwanza kuimaliza: dakika 3 na sekunde 40, BPM 210, yaani mapigo 210 kwa dakika. Nimechukua kipande cha kinanda cha taarabu nikakikimbiza, juu yake anachana binamu yangu. Washkaji wote wanasema "kali sana mwanangu." Lakini Jumamosi niliipenyeza kwenye shughuli ya jirani, watu wakacheza nusu dakika, wakarudi kwenye viti. Dijei akaitoa. Aliniambia neno moja tu: "Inanguruma." Kwenye hedifoni zangu mbona inapiga vizuri? Tatizo liko wapi?

Mpitanjia
Singeli zote zinanguruma mkuu. Iache hivyo hivyo.

FundiSpika
Mpitanjia, kama hujasikiliza si lazima useme.

Dogo, nimeisikiliza kwenye simu, kwenye hedifoni, halafu nikaifungulia kwenye spika zangu za kukodisha, zile za inchi 18, mpaka mama watoto akatoka nje kuuliza kuna nini. Naanza na kizuri kwa sababu kipo, sikubembelezi. Sekunde ya 41, pale unapokata kila kitu, vinabaki kinanda na makofi, binamu anaingia kabla ngoma haijarudi. Nilirudisha nyuma mara nne. Hapo usiguse.

Sasa huo mngurumo. Ni kiki, lile pigo zito la ngoma ya chini. Chukua 60,000 ugawe kwa 210, unapata milisekunde 286 hivi kutoka pigo moja hadi jingine. Hiyo kiki yako nimeipima, mkia wake unakaribia 400. Yaani ya kwanza haijamaliza kulia, ya pili imeshafika. Hedifoni zako hazishuki chini kiasi hicho, zinakuficha. Kwenye spika kubwa inakuwa kama mtu anaburuta pipa juu ya zege. Kiki nyingi za pakiti zinafaa muziki wa BPM 120, ambako kati ya pigo na pigo kuna nusu sekunde nzima, mkia una pa kulala. Wewe ukate mkia hadi milisekunde 150, usikilize, ndipo uongeze kidogo kidogo.

Besi nayo umeiweka pale pale ilipo kiki, kwenye hezi 50 hadi 60. Mimi ningeitoa yote mpaka dakika ya pili. Nani kakwambia singeli inadaiwa besi? Enzi zetu za mnanda, muziki uliotangulia singeli, tulikuwa na kinanda kidogo cha Casio na spika za honi, na watu walikesha.

Zuhura_Miksi
Fundi kasema kweli, ila kuna kitu kimempita. Kinanda na binamu hawako ufunguo mmoja, yaani noti zao hazianzii pamoja. Mdogo wangu, nahisi kile kipande kilikuwa kwenye 140, ukakipeleka 210 bila kufunga sauti isipande. Basi kimepanda nusu-toni 7, zile ngazi ndogo kabisa za kinanda. Binamu bila shaka alifanyia mazoezi taarabu yenyewe, akabaki kule chini. Bahati yako funguo hizo mbili zinashirikiana noti karibu zote, ndiyo maana washkaji hawajashtuka. Inayogongana ni moja. Nenda dakika 1 na sekunde 52, kwenye kiitikio, anaponyoosha neno "nyumbani." Meno yaliniuma. Kwenye kuchana hakuna shida yoyote, hapo hana noti ya kukosea.

Halafu kabla hujaisambaza, kumbuka hicho kinanda kina mwenyewe.

FundiSpika
Hilo la "nyumbani" kweli sikulisikia. Sisi watu wa spika masikio yetu yanaishi chini.

DogoKihonda
Nimerudi wakuu. Dada Zuhura, ilikuwa 140 kweli, umejuaje? Kiki nimeikata 160, besi nimeitoa, nikaomba spika ya kanisani kwa dakika 10. Mngurumo umekwisha, makofi ndiyo nayasikia leo kwa mara ya kwanza. Binamu kagoma kurudia kiitikio, anasema huyo dada aje aimbe yeye. Nikajaribu kukishusha kinanda nusu-toni 7. Kikaelewana naye, lakini kimekuwa kizito, utadhani kina homa.

Zuhura_Miksi
Kirudishe juu! Ule wembamba ndio singeli yenyewe. Mwambie arudie neno moja tu, "nyumbani," alisogeze kidogo mpaka likae. Sekunde mbili za kazi.

DogoKihonda
Kakubali kwa chipsi mayai. Tunarekodi kesho usiku, kaka akilala.