Malalamiko: Dina Nurpeisova ni mtunzi, si "jadi"

Ndugu zangu wapenda muziki, naandika nikiwa na hasira niliyoibeba kwa wiki mbili, na naomba mnivumilie. Nilikwenda kusikiliza tamasha la muziki wa Asia ya Kati, nikalipa kiingilio ambacho si kidogo, na kwenye karatasi ya ratiba nikakuta "Bulbul" imeandikwa hivi: wimbo wa jadi wa Kazakhstan, mtunzi hajulikani. Mtunzi anajulikana. Ni Dina Nurpeisova, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1861 katika nyika za magharibi mwa Kazakhstan na kufariki mjini Almaty mwaka 1955. Wala "Bulbul" si wimbo, maana hakuna anayeimba. Ni kui, yaani utunzi wa ala peke yake unaopigwa kwa dombra, chombo chenye shingo ndefu na nyuzi mbili tu.

Niliwaandikia waandaaji barua ya heshima, na jibu lao ndilo lililonichoma zaidi. Walisema kwamba Dina hakuandika noti, kwamba kui zake zilipokewa kwa kusikia, na kwamba muziki wa namna hiyo huhesabiwa kuwa mali ya jadi. Sasa nauliza: kwa nini mistari mitatu juu ya hapo, kwenye karatasi ileile, kui nyingine, "Adai", imewekewa jina la Kurmangazy, mtunzi mwanamume wa karne ya 19? Kurmangazy naye alitunga kwa vidole na masikio, akafundisha kwa vidole na masikio, na hakuna aliyethubutu kumwita jadi. Basi hilo la noti ni kisingizio, na mimi sikikubali. Mtunzi mwanamke mwingine wa Kazakhstan, Gaziza Zhubanova, aliandika noti, akatunga opera na baleti, akaongoza konsavatori (chuo cha muziki) ya Almaty kuanzia mwaka 1975 hadi 1987, na bado wapo wanaomtambulisha kama binti wa Akhmet Zhubanov, mtunzi na mtaalamu wa muziki, kisha wakanyamaza.

Tena waliomtaja Kurmangazy ndio waliopaswa kumjua Dina kuliko wengine wote, kwa sababu Kurmangazy ndiye aliyemfundisha. Alimsikia Dina akiwa mtoto wa miaka kama tisa, akautambua mkono ule, na kwa miaka iliyofuata akawa anafika kwao na kumrithisha kui zake moja baada ya nyingine. Mzee yule alipofariki, kui hizo zilibaki mikononi mwa Dina, naye akazitunza kwa miongo mingi hadi akawapokeza wapigaji wa kizazi kipya. Yaani sehemu ya sifa wanayompa mwalimu imefika kwetu kwa kumbukumbu ya mwanamke huyu huyu waliyemfuta.

Anayesikiliza kwa makini hawezi kusema kwamba muziki huu hauna mwenyewe. Magharibi mwa Kazakhstan hupigwa mtindo uitwao tokpe, ambao mkono wa kuume hupiga nyuzi zote mbili kwa pamoja bila kutulia, kifundo kikiwa laini na mwendo ukiwa wa kasi. Kui huanza kwa sauti za chini, juu kabisa kwenye shingo ya chombo, halafu vidole huteremka hatua kwa hatua kuelekea tumboni, sauti ikizidi kupanda hadi mahali panapoitwa saga, kisha hurudi ilikotoka. Dina alilelewa ndani ya utaratibu huo na akautawala, lakini mkono wake wa kuume una namna zake: katika "Bulbul", ambayo jina lake ni la ndege aimbaye usiku, mapigo hubadilika, hukatika na kutetemeka mpaka unamsikia ndege mwenyewe. Nimeirudia mara nyingi sana, na kila mara nashangaa kwamba ni nyuzi mbili tu.

Kui zake nyingine zina hata tarehe. "Mwaka wa 16" inahusu mwaka 1916, mfalme wa Urusi alipoamuru wanaume wa Asia ya Kati wenye umri wa miaka 19 hadi 43 wachukuliwe kufanya kazi nyuma ya mstari wa vita, na Wakazakh wakaasi. "Amri ya Mama" aliitunga wakati wa Vita Kuu ya Pili, akiwa amepita miaka 80, na ndani yake mama anamwagiza mwanawe aliyekwenda vitani. Hiyo jadi isiyo na mtu ina mwana gani wa kumpeleka vitani?

Wala hakuishi mafichoni. Mwaka 1937 Akhmet Zhubanov alimwita Almaty, na mwaka 1939, akiwa na miaka 78, alikwenda Moscow kwenye mashindano ya wapigaji wa ala za kienyeji na kurudi na tuzo ya kwanza. Mwaka 1944 alipewa heshima ya Msanii wa Watu wa Kazakhstan. Upigaji wake ulirekodiwa. Mtu mwenye intaneti na nusu saa ya uvumilivu angeyapata yote haya kabla ya kupeleka karatasi kiwandani.

Jana nimewaandikia tena. Sikudai kiingilio changu wala sikuomba waniombe radhi. Nimetaka mstari mmoja urekebishwe kabla ya onyesho lijalo, nao usomeke hivi: "Bulbul", kui ya dombra, mtunzi Dina Nurpeisova (1861–1955).