Kuku aliyetolewa kwenye kizimba amezubaa na gole (kifuko cha chakula shingoni) halishuki: nianze na nini?

Kilemba Chepesi:
Habari zenu wadau. Nina kuku wanne wa mayai waliookolewa kwenye mabanda ya vizimba baada ya kumaliza msimu wa kutaga. Watatu wanakula vizuri. Wa nne amejikunyata, mkia chini, anafumba macho mchana. Alfajiri, kabla hajala chochote, gole lilikuwa bado limejaa. Ni laini, linachezacheza, na mdomo unanuka chachu. Kinyesi ni kidogo, kijani chenye weupe. Ana kilo 1.5. Nimeshauriwa nimgeuze kichwa chini nimkamue gole, kisha nimpe oksitetrasaiklini kwenye maji. Lipi litangulie?

Mzee wa Banda:
Hakuna hata moja kwa sasa, mkuu. Tundu la koo la hewa la kuku liko nyuma tu ya ulimi na halina kifuniko. Ukimpindua, yale maji machachu yanaingia kwenye mapafu, na kuku aliyedhoofika hawezi kuyakohoa. Wengi hufia mikononi hivyo hivyo.

Oksitetrasaiklini inazuia bakteria wasizaliane. Harufu ya chachu inaashiria fangasi, na dawa ya bakteria huwapunguza wale wazuri waliokuwa wanawazuia fangasi wasizidi. Tena kalsiamu iliyo kwenye chakula cha kutaga huishika dawa hiyo isinyonywe vizuri. Na kuku asiyekunywa maji, dozi ya kwenye maji ataipataje?

Anza na joto. Mwili wa kuku mzima huwa kama nyuzi 41, na akipoa gole na utumbo husimama. Mtenge kwenye boksi, tandika taulo badala ya maranda ili uone kila kinyesi, weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa upande mmoja tu. Kipimajoto kikae usawa wa mgongo wake kisome nyuzi 26 hadi 29. Akihema mdomo wazi na mabawa ameyaachia, umezidisha. Ndiyo maana upande wa pili uachwe baridi ajisogeze mwenyewe. Usimlishe kabla hajapata joto.

Shamba Dogo:
Naongezea kuhusu maji. Lita 1 ya maji safi ya uvuguvugu, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe vya mlima. Tengeneza upya kila siku. Mahitaji ya kawaida ni kama mililita 50 kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo wako anahitaji karibu 75. Gawa mara 8 au zaidi, na kwa kuwa gole limejaa usimpe zaidi ya mililita 10 kwa mkupuo.

Tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Dondosha tone moja moja pembeni mwa mdomo, ambapo taya mbili zinakutana, umsubiri ameze. Usimpanue mdomo ukapuliza ndani. Asipomeza mwenyewe, acha kabisa: huyo ni wa daktari wa mifugo, atawekewa mpira wa kulishia au maji chini ya ngozi.

Chakula kigumu mzuilie kama saa 12, si siku nzima, maana kilo 1.5 kwa kuku wa aina hiyo tayari ni pungufu. Kisha mpe chakula chake kilekile kilicholoweshwa kiwe uji mzito, kijiko kimoja kimoja, uondoe mabaki kabla hayajachacha. Mkate na maziwa hapana.

Kijani kisikutishe sana. Ni nyongo inayopita kwenye utumbo mtupu. Damu ndiyo ya kutisha.

Kilemba Chepesi:
Asanteni sana. Nikimshika tumbo, chini ya mfupa wa kidari kuelekea nyuma, limevimba na linanesanesa kama puto la maji. Hilo nalo linatokana na gole?

Daktari Mabawa:
Hapana, na huenda ndilo chanzo. Kuku wa mayai waliotagishwa sana mara nyingi hupata kiini kinachodondokea tumboni badala ya kuingia kwenye mrija wa yai, kisha panaoza na kujaa majimaji. Tumbo likijaa, utumbo unabanwa na gole halishuki. Kwa hiyo hata ukilimwaga gole, litajaa tena. Usilibonye tumbo wala kulitoboa nyumbani. Hapo daktari wa mifugo ndiye atatoa majimaji, atachagua dawa ya bakteria na ya maumivu, au atakwambia ukweli kwamba ni bora kumpumzisha.

Yai lililokwama ni kitu kingine: utahisi kitu kigumu cha mviringo, naye atasimama wima akijikamua. Huyo mloweke sehemu ya nyuma kwenye maji ya nyuzi 38 hadi 40 kwa dakika 15 hadi 20, umkaushe, umrudishe kwenye joto. Yai lisivunjwe ndani.

Mpime uzito kila asubuhi kwa mzani uleule. Akipoteza gramu 150 kutoka hizo kilo 1.5, usingoje kesho.

Mzee wa Banda:
Na unapombeba, mkumbatie mabawa yote mawili kwa mikono miwili. Usimning'inize kwa miguu, kuku wa vizimba mifupa yao imeliwa na maganda ya mayai, inavunjika kirahisi. Fito za kulalia za wale watatu zisizidi sentimita 30 kutoka chini, na wawekewe maganda ya chaza yaliyosagwa kwenye chombo chake peke yake. Usiku shika tochi mkononi uangalie chini ya fito na kwenye nyufa: utitiri mwekundu hutoka gizani kunyonya damu, mchana huuoni. Kilemba cheupe peke yake hakithibitishi utitiri, kwani waliokosa mwanga mzuri huwa nacho hivyo.

Shamba Dogo:
Wakianza kuugua wawili watatu kwa pamoja, shingo zinapinda au wanakufa ghafla, funga banda na uite ofisi ya mifugo kabla hujagusa dawa yoyote. Mdondo na mafua ya ndege havitibiwi nyumbani.