Ukumbi wa ushirika: tuubakishe au tuufanye ghala?

Mleta mada, Mtwara
Wakuu, chama chetu cha msingi kina ukumbi wa zamani. Mabati yameoza, madirisha ndiyo hayo ya kuziba kwa mbao. Mkutano mkuu ujao kuna hoja ubomolewe, lijengwe ghala la korosho. Mimi nitapinga, na sababu yangu inatoka mbali kidogo, mnivumilie.

Mwaka 1844 wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walidai nyongeza ya ujira wakagonga mwamba. Wakachangishana kidogo kidogo hadi pauni 28, wakapanga chumba cha chini cha ghala kuukuu, mtaa wa Toad Lane, pauni 10 kwa mwaka. Usiku wa 21 Desemba wakafungua duka la ushirika: siagi, sukari, unga, mishumaa. Basi! Lakini kila mwanachama alikuwa na kura moja, hisa ziwe nyingi au chache, mwanamke au mwanaume, na faida iligawiwa kwa kadiri mtu alivyonunua. Baadaye wakatenga asilimia 2.5 ya faida kwa elimu, wakawa na chumba cha kusomea magazeti. Miongoni mwao walikuwamo Wachartisti, waliokuwa wakidai kura ya bunge kwa kila mwanaume mzima. Serikalini hawana kura, dukani wanapiga! Jengo lile leo ni makumbusho. Sisi wetu tunataka kuupiga nyundo.

Mkulima, Newala
Kaka, hadithi umeikata mkia. Hao hao wa Rochdale mwaka 1867 walihamia jengo kubwa zaidi, lile la kwanza wakaliacha. Makumbusho yamekuja 1931, walioanzisha wote wako kaburini. Kwao jengo lilikuwa chombo, likiwa dogo unahama. Oktoba 2018, Tandahimba na Newala tulipozikataa bei za wanunuzi mnadani, zilikataliwa na midomo ya wakulima, hazikukataliwa na kuta. Msimu mzigo ukichelewa kupokelewa, kangomba, yule mnunuzi wa magendo, anapita nyumba kwa nyumba na hela mkononi. Nipeni ghala.

Mama Korosho, Mikindani
Ghala sawa, baba. Sasa makato tutayaulizia wapi? Tangu stakabadhi ghalani ianze 2007 unapeleka gunia, unapewa karatasi, unasubiri. Ghalani unamkuta karani na mzani, na mzani haujibu swali. Kunapotokea makato usiyoyaelewa, pa kusimama ni mkutanoni. Umesema chombo, haya, na chombo hicho ni cha kuulizia. Mtaniambia tukae chini ya mwembe. Malipo mengine yanafika Desemba, Januari, mvua imeshashika! Na mkituhamishia sebuleni kwa mwenyekiti, sisi wanawake tutakaobisha hodi ni wawili watatu, tena kwa kunong'ona.

Mkulima, Newala
Hapo kwa mvua umenipata, mama. Kwa mwenyekiti mimi mwenyewe siendi.

Karani mstaafu
Wanangu, mnabishania matofali. Mle ndani, kabati la nyuma ya jukwaa, kuna madaftari ya mihtasari. Mengine mwandiko ni wangu. Vyama vikuu vilipofutwa 1976 tuliambiwa ushirika umekwisha. Sheria ikaurudisha 1982, tukaanza kutafuta nani alikuwa mwanachama, nani alilipa kiingilio. Aliyekuwa na karatasi alisikilizwa. Asiye nayo alipiga kelele akaenda zake. Ghala jengeni, nafasi ya nyuma ipo hadi kwenye mikorosho, si lazima mbomoe. Ila mchwa hasubiri mkutano mkuu.

Mleta mada
Shikamoo mzee. Hiyo nafasi ya nyuma sikuifikiria, nilidhani imeshauzwa. Ufunguo wa kabati anao nani?

Karani mstaafu
Marahaba. Kabati halina kufuli, lilivunjika zamani. Njoo Jumamosi asubuhi na magunia mawili makavu, yasiwe yaliyobeba salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho.