Daftari la wapiga kura limejaa, foleni fupi: kwa nini?

Naishi Kawangware ila kura yangu iko ushago, kituo cha shule ya msingi nyuma ya soko. 2022 saa nne asubuhi foleni ilikuwa imeisha, makarani wanapiga miayo. Wazee wanasema watu wamechoka na siasa. Kweli?

Fundi wa Gikomba: Uchovu gani? Majina mengi ya daftari hilo tuko huku Nairobi, na lazima upige pale ulipojiandikisha. Nauli nani atalipa?

Mama Kayole: Uchovu pia upo. Idadi ya waliopiga kura Kenya nzima ilishuka, kutoka takriban asilimia 78 Agosti 2017 hadi 65 mwaka 2022.

Muuliza: Basi nihamishe kura yangu huku? MCA (mwakilishi wa wadi) wa kwetu nimwachie nani?

Fundi wa Gikomba: Hamisha, bro. Beba kitambulisho, nenda ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneobunge la huku. Mitaro inayokufurikia ni ya Kawangware.