Nimeomba PhD sehemu tisa na sasa silali. Mliopita huku mlivukaje?

Tumbo Joto

Heshima kwenu wakubwa kwa wadogo. Naomba msinicheke, na kama ni lazima mcheke basi nijibuni kwanza.

Nina shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo. Nimeomba nafasi za uzamivu sehemu tisa: vyuo sita Marekani, viwili Uingereza na nafasi moja Sweden. Madirisha mengi yalifungwa kati ya Desemba 1 na 15. Nilipotuma ombi la mwisho nilijiona mwepesi kama niliyetua gunia. Wepesi wenyewe ulidumu siku nne.

Sasa ni katikati ya Februari. Wawili wamenikataa, tena usiku mmoja, kwa barua zinazofanana kama pacha. Chuo kimoja kilinifanyia usaili kwa video. Nikaulizwa ningepimaje akiba ya kaboni kwenye udongo wa shamba. Nikaeleza kuchukua sampuli, kina cha sentimita 30, kupeleka maabara, nikatiririka vizuri tu, ila nikasahau kabisa kutaja uzito wa udongo kwa ujazo wake. Bila namba hiyo hupati akiba, unapata asilimia tu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza analijua hilo! Profesa alinisubiri kidogo, halafu akahamia swali lingine. Ule ukimya wake ndio ninaolala nao.

Sita waliobaki, kimya.

Naamka saa tisa usiku kukagua barua pepe kwa kuwa huko huenda bado wako ofisini. Nakagua mpaka barua taka. Naingia kwenye akaunti ya maombi kuona kama neno "linashughulikiwa" limebadilika. Kuna tovuti ambako waombaji huandika matokeo yao. Juzi mtu kaandika kwamba kapata kwenye programu ile ile niliyoomba mimi. Nilikaa na simu mkononi mpaka kukakucha.

Juu ya hayo, mwajiri wangu anataka jibu kabla mwezi haujaisha: nasaini mkataba mpya wa miaka miwili au naondoka. Nikisaini naona nimejifunga. Nisiposaini, na wote wakanikataa, nimebaki mikono mitupu. Mwenzangu nyumbani ananiambia "si usubiri tu", kana kwamba kusubiri ni kukaa kitako.

Nawasilisha.

Kobe Mwendo

Kaka, pole. Mimi niliomba misimu miwili. Msimu wa kwanza vyuo saba, na vyote saba vilinitosa. Cha mwisho kilinijibu Mei, wakati nilishakizika na kukisahau. Msimu wa pili niliomba vitano nikapata viwili, na kimoja kati ya hivyo viwili kilikuwa kimenikataa mwaka uliotangulia. Alama zangu zilikuwa zile zile. Andiko nililirekebisha, sikatai, lakini si kiasi cha kuwa mtu mwingine. Nilipofika ndipo msimamizi wangu akaniambia kuwa mwaka ule wa kwanza hakuwa na fedha za kuchukua mwanafunzi hata mmoja. Faili langu hata hakulifungua.

Miezi minane nilijiita mjinga kwa sababu ya bajeti ya mtu mwingine.

Ngoja Nione

Subira yavuta heri.

Msumari

Mkuu Ngoja Nione, hiyo mwambie anayesubiri basi.

Tumbo Joto, mimi sipendi kubembeleza. Swali langu moja: kati ya hao tisa, ni wangapi uliwaandikia wasimamizi kabla ya kutuma maombi? Maana watu huhesabu vyuo kama wanahesabu tiketi za bahati nasibu, wakidhani tisa ni bora kuliko nne. Kama maelezo ya nia, yaani ile barua ya kueleza kwa nini unataka kusoma pale, ni yale yale, umebadilisha jina la chuo tu juu, hapo umeomba mara moja na kulipa ada mara tisa.

Halafu umechanganya mifumo mitatu na unaisubiri kwa kalenda moja. Marekani kamati ya idara hukaa, huchagua kundi la mwaka mzima, na hata mtu asiye na uzamili anaweza kuchukuliwa kwa sababu miaka ya mwanzo ni ya masomo ya darasani. Uingereza wanaangalia andiko lako la utafiti na nani atakusimamia, na huko kukubaliwa ni barua moja, fedha ni barua nyingine kabisa. Usishangilie ya kwanza kabla hujaiona ya pili. Sweden ile ni kazi. Inatangazwa kama kazi, ya mradi maalumu, na ukiipata unalipwa mshahara. Ukikosa ile, umekosa kazi moja kama watu wanavyokosa kazi kila siku; wala hakuna aliyepima akili yako.

Tumbo Joto

Msumari, umenichoma lakini ni kweli. Niliwaandikia wanne tu. Wawili walijibu, na mmoja wao ndiye aliyenifanyia usaili. Hao wengine niliomba nikiwa nimechoka, wiki ya mwisho, na maelezo ya nia niliyapaka rangi tu.

Kobe, mimi ni dada, ila si neno. Yako imenifariji na kunitisha kwa pamoja. Mei?

Zamu ya Usiku

Dada yangu, nafanya kazi ya uuguzi, ya PhD siyajui ila ya kutolala nayajua. Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha jaribio moja ambalo huwa nalikumbuka nikiona watu wanaosubiri majibu ya vipimo. Watu 45 walicheza mchezo wa kompyuta wa kufunua mawe. Chini ya jiwe kukiwa na nyoka, unapigwa shoti kidogo mkononi. Wakapima jasho na mboni za macho. Waliobanwa zaidi ni wale waliokuwa kwenye nusu kwa nusu, huenda nyoka yupo, huenda hayupo. Waliojua kwa hakika kuwa shoti inakuja walikuwa na nafuu kuliko hao. Wewe uko kwenye nusu kwa nusu mara sita. Mwili wako haujaharibika, unafanya vile miili inavyofanya.

Ila kuamka saa tisa kukagua simu, huko ni kuufundisha mwili kuwa saa tisa ni saa ya hatari. Baada ya muda utaamka hata bila simu. Simu ilale chumba kingine. Chagua wakati mmoja tu wa kukagua kwa siku, mchana, ukiwa umeshakula, na isiwe muda mfupi kabla ya kulala. Hakuna chuo kitakachokunyang'anya nafasi kwa sababu umeisoma barua saa nane baadaye. Yule mwenzako anayesema "si usubiri tu" mpe kazi: akae na nenosiri la akaunti za maombi. Wengi wanaosema hivyo hawana ubaya, hawajui washike wapi.

Na kama wiki mbili zinapita usingizi hakuna, chakula hakipiti, au unaanza kuwaza kuwa bora usingekuwepo, hapo acha ushauri wa watu kama sisi, nenda kamwone daktari au mshauri nasaha ana kwa ana.

Mjumbe wa Kamati

Nimekaa kwenye kamati ya udahili misimu mitatu, katika chuo nisichokitaja. Nikuambie kinachotokea, kwa sababu naona waombaji wengi wanafikiri kule ndani kuna mizani.

Hakuna mizani. Faili linasomwa na watu wawili au watatu, ambao mmoja analisoma usiku akiwa amechoka. Wanaoanguka kabisa huonekana mapema. Wanaong'ara kabisa pia. Katikati ndipo palipo na kundi kubwa, wote wanafaa, na hapo hoja hubadilika. Hatuulizi tena "nani bora", tunaulizana "nani atamsimamia huyu" na "fedha zitoke wapi". Niliwahi kulitetea faili moja kwa moyo wote, tukaliweka kando kwa sababu profesa pekee wa eneo lile alikuwa anaondoka. Yule mwombaji alipata barua ile ile unayoilalamikia, ya kufanana kama pacha. Tungemwambia nini? Na mwaka 2025 mambo yalikuwa mabaya zaidi: fedha za utafiti za serikali ya Marekani zilipokatwa, kuna programu zilipunguza nafasi katikati ya msimu, na nyingine zikafuta hata nafasi zilizokwisha kutolewa.

Usaili wako: umesahau kitu cha msingi, ndiyo. Nami nimewahi kuwasubiri watu kidogo kisha nikahama swali. Mara nyingi nilikuwa natazama saa. Kabla siku nyingi hazijapita, mwandikie barua fupi ya kushukuru, na ndani yake sentensi mbili: baada ya mazungumzo nimeona niliacha hili, na ningelifanya hivi. Usijitetee wala kuomba radhi aya nzima. Mwanasayansi hurekebisha hesabu yake, basi.

Ukimya wa Februari si jibu. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana chini ya Council of Graduate Schools, jumuiya ya vyuo vinavyotoa uzamili na uzamivu, kuwa mtu aliyepewa nafasi yenye ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya Aprili 15. Kwa hiyo waliochaguliwa kwanza hukaa na nafasi tatu nne mkononi mpaka siku za mwisho, kisha wanaachia, na orodha ya kusubiri inasogea. Yule aliyeandika kwenye ile tovuti kwamba kapata huenda ataikataa nafasi hiyo hiyo. Makubaliano hayo hayahusu maombi yako ya Uingereza na Sweden, huko kila mmoja ana kalenda yake. Ikifika katikati ya Machi na bado kimya, mwandikie mratibu wa programu, mara moja, kwa adabu. Siyo kila wiki.

Kobe Mwendo

Kuhusu mkataba: saini. Kisha soma kipengele cha notisi kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Masomo ya Marekani huanza Agosti au Septemba. Kama notisi ni mwezi mmoja au miwili, hujajifunga popote.

Msumari

Napinga kidogo. Saini, sawa, lakini bosi mwambie. Mtu anayesaini miaka miwili huku akijua ataondoka baada ya miezi sita anachoma daraja, na barua ya mapendekezo ya msimu ujao huenda ikamhitaji bosi huyo huyo.

Kobe Mwendo

Na akimwambia, akanyimwa mkataba, halafu wote tisa wakamkataa? Nafasi ambayo hujapewa huwezi kuitolea taarifa. Mtu hutoa notisi ya jambo lililopo.

Zamu ya Usiku

Inategemea bosi mwenyewe, jamani. Kuna bosi wa kuambiwa na kuna bosi wa kufichwa. Yeye anamjua, sisi hatumjui.

Tumbo Joto

Narudi na majibu, ni Aprili 20 leo. Nisameheni kwa kuchelewa, nilikuwa sitaki kuandika nikiwa nusu nusu.

Nilisaini. Notisi ni mwezi mmoja. Bosi nilimwambia nusu ya ukweli, kwamba nina ndoto ya kusoma na nitamwambia mapema ikitokea. Akasema alishajua, printa ya ofisini ilikuwa imemwambia.

Nenosiri nilimkabidhi mwenzangu. Siku tatu za kwanza nilimchukia kabisa. Alikuwa anakagua saa saba mchana na kunitumia neno moja: "kimya". Baada ya wiki mbili nilianza kusahau kumuuliza.

Matokeo: Sweden hapana. Marekani, ukiacha wale wawili, wengine watatu hapana. Uingereza mmoja hapana, mmoja ndiyo lakini bila senti, nimeikataa na nililia siku hiyo, sitawadanganya. Yule wa usaili aliniweka kwenye orodha ya kusubiri mwanzoni mwa Machi. Ile barua ya sentensi mbili nilimtumia, akajibu kwa mstari mmoja, "Sasa nimeelewa unavyofikiri." Aprili 15 ikapita. Tarehe 17 mratibu akaandika kuwa orodha imefungwa na sikufika. Siku iliyofuata profesa mwenyewe akaniandikia kando kwamba ana ombi la fedha linalosubiri majibu mwezi wa nane, na kama nitaomba tena nimjulishe mapema. Hajaahidi kitu.

Kwa hiyo nina sifuri mkononi. Nalala, lakini. Msimu ujao nitaomba wanne, na wote nitawaandikia kuanzia Julai.

Mjumbe wa Kamati

Mwandikie Agosti hata kama fedha hazijatoka. Na mpe anayekuandikia barua ya mapendekezo nakala ya andiko jipya mapema, asiirudie ile ya mwaka huu.

Ngoja Nione

Poleni na hongera. Mimi sikusoma mambo ya udongo, lakini tangu Februari kuna kitu kinanikereketa. Huo uzito wa udongo kwa ujazo wake, unapimwaje?

Tumbo Joto

Unachukua pete ya chuma ambayo ujazo wake unaujua, unaigongelea kwenye udongo bila kuutikisa, unaitoa ikiwa imejaa sawasawa na kukwangua ziada juu na chini. Unaukausha udongo kwenye tanuri nyuzi 105 za Selsiasi mpaka uzito uache kupungua. Unapima, unagawanya kwa ujazo wa pete. Kama kuna mawe, unayatoa kwenye hesabu, hapo ndipo wengi hukosea.