Naomba ushauri: nijiandae vipi kuwa Mganga Mkuu wa Jiji?

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni daktari kwenye kituo cha afya cha umma, Dar es Salaam. Moyo wangu uko kwenye afya ya jamii. Kipindupindu kikiingia mtaani tunatundika dripu usiku kucha, mgonjwa anapona, kisha anarudi nyumba ileile ambayo choo kimefurika hatua chache kutoka kisimani. Natamani kuwa mahali ambapo choo, kisima, chanjo na bajeti vinaamuliwa pamoja.

Ninavyofahamu, Mganga Mkuu wa Jiji anaongoza timu ya uendeshaji wa huduma za afya na kusimamia mpango kabambe wa afya wa kila mwaka. Kiutawala anawajibika kwa Mkurugenzi wa Jiji, kitaalamu anafuata maelekezo ya Mganga Mkuu wa Mkoa. Hapo pa wakubwa wawili ndipo panaponitia wasiwasi kidogo.

Nimemuuliza mganga mfawidhi wangu, anasema nikasome udaktari bingwa kwanza. Rafiki yangu aliye kwenye timu ya halmashauri nyingine anasisitiza shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Nina familia, siwezi kusoma vyote.

Kwa mliopita njia hii: kozi ipi imewasaidia zaidi kazini? Na je, nianze kwa kuomba uratibu wa chanjo au wa ufuatiliaji wa magonjwa, ili nijifunze bajeti na uongozi mapema?

Natanguliza shukrani.