Tupeane uzoefu: mtoto anayekaa kimya darasani mlimfikiaje? (Walimu na wazazi wa Mtwara na Lindi)

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, wilaya ya Tandahimba. Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika Januari 2024, kila mafunzo tunakumbushwa kwamba mwanafunzi ndiye kitovu cha somo na mwalimu ni mwezeshaji. Naliunga mkono kwa moyo wote. Kinachoniuma ni kwamba anayekuwa kitovu ni mtoto yule yule kila siku: anayezungumza Kiswahili nyumbani, aliyekunywa chai asubuhi, mwenye daftari kamili. Ukisema "kaeni kwenye makundi", yeye ndiye atashika kitabu, ataandika, atakwenda mbele kuwasilisha. Wenzake watamtazama. Mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akichungulia dirishani ataona makundi yamependeza, lakini nusu ya darasa haijafungua mdomo.

Darasa linatakiwa kuwa na wanafunzi 45. Langu limepita mia, kwa hiyo kuhamisha madawati haiwezekani. Kundi langu ni dawati lenyewe, watoto watatu. Wa katikati anashika kitabu, wa kushoto anaandika, wa kulia ndiye msemaji. Kesho yake wanasogea nafasi moja. Na msemaji haruhusiwi kutoa wazo lake, anaeleza alichosikia kwa wenzake. Sharti hilo ndilo lililobadilisha mambo, maana sasa yule mjanja analazimika kumsikiliza mwenzake.

Siku ya somo la ujazo, kijana mmoja ambaye hajawahi kunyoosha mkono alimnong'oneza jirani yake kwamba dumu la lita 20 likibonyea halijai lita 20. Jirani akalisema mbele. Mtoto huyo husukuma baiskeli ya maji kila alfajiri, na mnaoishi huku kwenye uwanda wa Makonde mnajua shida ya maji ilivyo. Darasa likalipuka kwa ubishi. Tukatoka nje na dumu lililobonyea na chupa ya nusu lita, tukapima. Halikufika chupa 40. Aliyekuwa akihesabu kwa sauti ni yeye mwenyewe, na wenzake wakamfuata.

Nawakaribisha. Nani alikuwa kimya kwenu, na nini kilimfungua? Msitaje majina ya watoto wala ya shule.

Mwalimu wa darasa la kwanza, Newala
Asante mwalimu mwenzangu. Kwangu ukimya ni wa lugha. Watoto wengi wanafika wakiwa na Kimakonde tu, na wachache, hasa wa watumishi wa serikali, wana Kiswahili tu. Zamani darasa lilikuwa la hao wachache. Siku hizi nikionyesha picha, kila mtoto anamweleza jirani yake kwa lugha aliyonayo, kisha wawili hao wanatafuta pamoja namna ya kulisema kwa Kiswahili. Nawapanga makusudi, wa Kimakonde na wa Kiswahili. Matokeo yake mtoto wa mtumishi naye anabaki kuuliza "umesema nini?", na yule aliyekuwa mnyonge anakuwa mwalimu wake kwa dakika mbili. Nimeona jinsi mabega yanavyonyooka. Kusoma kunachelewa kidogo mwanzoni, sikatai, ila wakishika wanashika kwa kuelewa, hawakariri sauti ya mwalimu.

Mzazi, Ruangwa
Mimi si mwalimu, naomba mnivumilie. Huku kwetu msimu wa korosho unapamba moto mwezi wa kumi, na mtihani wa darasa la nne uko humo humo. Watoto wenye mashamba wanaokota za kwao jioni. Asiye na shamba anaokota za watu kwa kibarua, tangu asubuhi, na huyo ndiye anayekosa shule. Akirudi hajui wenzake wamefika wapi, anakaa kimya.

Mwalimu wa hesabu wa mwanangu aliliona hilo. Msimu ukianza anachora ubaoni karatasi ya malipo ya chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima: kilo, bei ya mnada, makato ya chama, ya ghala, ya usafirishaji, na anachobaki nacho mkulima. Karatasi ni ya kubuni, hakuna mtoto anayeombwa alete ya baba yake, kwa hiyo hakuna anayejulikana kwao wana kiasi gani. Watoto wa kibarua walikuwa hodari kuliko wote kwenye kilo, maana wanalipwa kwa kilo. Mwanangu alikuja nyumbani akaniuliza makato yangu yalikuwa shilingi ngapi. Sikuwa nimewahi kuyajumlisha.

Mama mwanafunzi, Kilwa
Nilijifungua nikiwa kidato cha pili. Serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba tunaruhusiwa kurudi, nilirudi. Mlango ulifunguliwa, ila ndani nilikaa dawati la nyuma peke yangu na hakuna mwalimu aliyeniuliza swali. Walidhani wananisitiri. Kwenye biolojia tulipofika uzazi, darasa zima likageuka kunitazama.

Aliyenisaidia ni mwalimu wa kike aliyeniita pembeni akaniuliza nataka nikae wapi na nani. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikachagua mbele, na rafiki yangu wa zamani. Pia akanipa kazi za siku ambazo mtoto anaumwa, nikazifanyia nyumbani. Walimu, tuulizeni. Tunajua tunachohitaji.

Mwalimu wa sekondari, Masasi
Kwetu ni Kiingereza. Mtoto aliyekuwa msemaji darasa la saba anakuwa bubu kidato cha kwanza, usiku mmoja tu. Mimi majadiliano ya kundi naruhusu Kiswahili, kuandika na kuwasilisha ndiyo Kiingereza, na nawapa sentensi za kuanzia ubaoni. Wapo wakuu wasiopenda. Lakini mtoto hawezi kufikiri kwa lugha ambayo ndiyo kwanza anajifunza kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Mwalimu mstaafu, Mikindani
Wanangu, nimewasoma. Sisi tulifundisha kwa chaki na fimbo, na watu walifaulu. Makundi yanakula muda, muhtasari wa somo hauishi. Mtihani wa taifa hauulizi nani alishika kitabu.

Mwanzisha mada
Shikamoo mzee wangu. Ni kweli muda unaliwa. Mimi nafanya hivyo kwa sehemu ya kipindi, dakika kumi hivi, kisha nafundisha. Ila waliofaulu enzi zile ndio tunaowaona leo. Waliokaa kimya mpaka wakaacha shule wako mitaani, na wengi ni wazazi wa hawa ninaowafundisha. Wakiitwa kwenye kikao wanakaa nyuma vilevile.

Mwalimu mstaafu, Mikindani
Marahaba mwanangu. Hilo la wazazi nalikubali, nimeliona.

Mzazi, Nachingwea
Binti yangu ana ualbino, macho yake ni hafifu. Kumkalisha mbele hakukutosha, kwa sababu jua la dirishani lilikuwa linampiga na ubao unang'aa. Mwalimu wake alifanya mambo mawili yasiyo na gharama. Alimhamishia upande wa kivuli, na kila anachoandika ubaoni anakitamka kwa sauti huku akiandika. Kumbe wapo wengine wasioona vizuri ambao hakuna aliyejua. Wakaanza kunakili na wao.

Mwalimu mpya, Liwale
Swali kwa mwanzisha mada. Kwangu kuna madawati wanakaa wanne, na wengine wanakaa sakafuni. Mzunguko wako unafanyaje?

Mwanzisha mada
Wa nne mpe kazi ya kuuliza: ni lazima aulize swali moja kabla msemaji hajasimama. Wa sakafuni waanze kuwasilisha wao, kila siku, kabla ya madawati. Ukingoja mwisho, kengele italia hujawafikia. Jaribu wiki mbili halafu rudi utueleze.